Mstari wa Mawe wa Makambako na Kondakta Wetu Mika

Mgeni wetu rasmi Bwana Meneja wa Mabasi, Bwana Karani wa kampuni, wazee wetu, mchungaji na padri mliokubali kukaa benchi moja:

Kamwene, kama tunavyosalimiana huku kwetu.

MAKARIBISHO

Sisi abiria wa basi la Njombe, kituo cha Makambako, tunakukaribisha kwa mara ya pili. Mara ya kwanza ulishuka kwenye lori la magome ya miwati, ile miti ya dawa ya kulainisha ngozi, asubuhi ya ukungu, bila taarifa, umevaa kaptula na koti la mvua. Hatukujua wewe ni nani. Wengine tulisema ni mtu wa serikali wa kuua nzige, wengine tukasema amepotea. Kwa sababu hiyo hukupewa kiti wala chai. Kwa upande wa chai tunaomba radhi. Mengine tutayafikia.

Tunashukuru kwa banda hili unalolifungua leo. Lina paa, lina benchi, na lina kibao kinachowaelekeza watalii kwenye maporomoko ya maji ya Njombe. Hatukujua kwamba watu hulipa nauli kutoka ng'ambo kuja kutazama maji yanayoanguka, lakini tumefurahi kwa niaba ya maji.

HISTORIA YA MSTARI

Mgeni rasmi, wakati wa vita petroli ilikuwa adimu, na basi lilikuja siku lilipopenda. Upepo wa Makambako unaujua, ulikuchukulia kofia. Mtu hawezi kusimama ndani yake tangu alfajiri. Basi Mzee Manase, ambaye leo ameketi pale kwenye blanketi jekundu, aliweka jiwe barabarani akasema, "Huyu ni mimi. Mwenyewe niko jikoni kwa Bertila." Bertila ndiye mama anayetuuzia uji na viazi hapa kituoni.

Aliyefuata akaweka jembe nyuma ya jiwe. Wa tatu akaweka kiatu. Tangu siku hiyo kila abiria anayefika huweka kitu chake mstarini, kisha huenda kuota moto. Basi likipiga honi, kila mtu husimama penye kitu chake na kupanda kwa zamu.

Sheria ni chache: kitu kisiliwe, kisinywewe, na kisitembee. Hii ya mwisho iliongezwa baada ya Mama Juliana kumfunga kuku wake karibu na mkia wa mstari. Kamba ilikatika, kuku akaenda kusimama mbele kabisa. Juliana alidai kuku amesogea kwa haki yake. Wazee walisikiliza shauri, kuku akarudishwa nyuma, na Juliana akatununia mpaka Pasaka.

MAFANIKIO

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyepigana mlangoni mwa basi. Walutheri na Wakatoliki tunasali mbalimbali, lakini mawe yetu yamekaa pamoja bila ugomvi. Hata aliyekunywa ulanzi kupita kiasi hakuleta fujo, kwa kuwa jiwe lake halikulewa.

Mlinzi wa mstari huu alikuwa kondakta wetu, Mika Mwalongo wa Kichiwa. Akishuka kwenye basi hutazama vitu akajua wenyewe. "Kibuyu cha Telesia kiko wapi leo? Anaumwa?" Na kama kweli Bibi Telesia anaumwa, Mika humpelekea dawa kutoka Njombe safari inayofuata.

MATATIZO

Mgeni rasmi, sasa tumefika kwenye asubuhi ile ya ukungu. Tunaieleza kwa heshima, kama ilivyokuwa.

Ulikuta barabarani jiwe, jembe lisilo na mpini, kiatu kimoja, chungu kilichopasuka, na vinginevyo. Hukuona mtu. Ukadhani ni takataka, na kwa moyo mwema ukaviokota vyote, ukavipanga ukutani kwa Bertila, vikubwa chini na vidogo juu. Kwa kweli vilipendeza.

Bibi Telesia akatoka jikoni. "Mama wee! Nani ameua mstari?"

Ukajibu kwa furaha, "Nimesafisha."

"Umesafisha nini, mwanangu? Hapo palikuwa na watu!"

"Watu? Sikuona mtu."

Bibi Telesia akaliinua lile jembe lisilo na mpini. "Huyu je? Huyu ni mjomba wangu Abrahamu!"

Mzee Abrahamu, aliyekuwa nyuma yake na kiazi mdomoni, akainama kukusalimu.

Basi likafika. Mika alipoona ule mlima wa vitu ukutani alishika kichwa. Alimwomba dereva asubiri, akaanza kuupanga mstari upya, akituuliza mmoja mmoja: nani alimkuta nani? Nani alimsikia nani akikohoa? Juliana akaona hapo ndipo nafasi yake. "Mimi nilikuwa wa kwanza!"

"Wewe, dada, unafanya kama yule kuku wako," alisema Mzee Manase. Watu wakacheka, na hilo nalo likachelewesha basi.

Wewe ulikuwa umekwisha kuketi kiti cha mbele. Ukatazama saa, ukasema, "Kondakta, ondoa gari."

"Bwana, subiri kidogo. Kiti hicho ni cha wa kwanza, na wa kwanza bado tunamtafuta."

Hapo ukamwonyesha karatasi yenye mhuri, na Mika akajua wewe ndiye Meneja. Tulimwona akiiweka sawa kofia yake ya kazi. Kisha akasema, bila ufidhuli wowote, "Vema, Bwana Meneja. Ila umefika baada yao wote. Wewe ni wa mwisho."

Mika alifukuzwa kazi palepale, basi likaondoka na viti vitupu. Wiki ileile ikaja amri yako: abiria wasimame wenyewe, vitu vya mstarini vitupwe, na basi lisimsubiri mtu yeyote.

Tumeitii. Tunasimama upepo ukitupiga, wazee wanakohoa, na basi likifika mwenye nguvu ndiye wa kwanza. Methusela alipandia dirishani. Yeye alifika Njombe, suruali yake ilibaki Makambako. Bibi Telesia ameachwa mara nyingi hata ameacha kuja.

Mika sasa anabandua magome ya miwati. Lakini siku za basi bado anafika hapa kutoka Kichiwa kwa miguu, anawapandishia wazee mizigo, kisha anarudi alikotoka. Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Nani mwingine anajua magoti ya Mzee Abrahamu?" Mkewe, Idda, anatuambia kofia ya kazi bado ameitundika ukutani, na kila Jumapili anaipangusa vumbi.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi kadhaa, tukayapunguza mpaka likabaki moja. Benchi linatosha. Hata upepo tutauvumilia. Tunaomba Mika Mwalongo arudishwe kazini.

Hatusemi ulikosea, mgeni rasmi. Mgeni yeyote angeliona jiwe akadhani ni jiwe. Tunasema tu kwamba watalii wako nao watakuwa wageni. Watashuka hapa katika ukungu, hawajui basi lipi ni la Njombe, washuke wapi kwa ajili ya maporomoko, wala kiti gani kinavujiwa na mvua. Watamhitaji mtu wa kuwaambia kweli kwa upole, hata akiwa hajui wao ni nani. Mtu huyo tunaye, na wewe mwenyewe umekwisha kumjaribu.

HITIMISHO

Bwana Karani alituonya kwamba basi la leo litaondoka saa nne kamili, kwa amri yako, na kwamba risala hii ni ndefu. Alitushauri tuikate pale penye habari za Mika, ili tuwahi. Tuliisoma jana kwa majaribio, tukaona ni kweli: tukifika kwenye jina la Idda, basi limekwisha kwenda.

Msomaji wetu, Mwalimu Laurenti, amehitimu chuo cha ualimu juzi juzi tu, na leo alitakiwa kuripoti Njombe kwenye shule yake ya kwanza. Barua yake inasema asiyeripoti leo, nafasi yake atapewa mwingine. Tulimwambia, "Kata, mwanetu, uwahi. Mika ataelewa." Yeye akajibu kwamba tulimwahidi Mika kuisoma yote, mbele ya watu, pamoja na jina lake. Tukaona aibu, tukaacha kumshauri. Kisha tukakubaliana kwamba hatutamwacha abaki peke yake.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, ile injini uliyoisikia tulipokuwa tukisoma ilikuwa ikienda Njombe bila abiria hata mmoja. Basi jingine ni la Jumamosi.

Mungu akulinde barabarani, akupe afya, na akulainishie moyo kama anavyolainisha udongo wetu kwa mvua za kwanza. Chai iko tayari kwa Bertila, na safari hii kiti chako kipo.

Ni sisi,
Abiria wa basi la Njombe lililokwisha kuondoka,
Kituo cha Makambako.