Mistari Minne ya Rayna

Benchi lile la mjini Plovdiv liko hatua tatu kutoka kwenye mashine ya kahawa, na wenye nalo ni walewale: Bai Metodi, aitwaye Disketi kwa kuwa alizeekea kwenye kiwanda cha kompyuta, na Krum Profesa, ambaye chuo alikiona kwa nje tu. Leo Rayna, ambaye Disketi ndiye aliyemfundisha kuandika programu, alikaa katikati yao amenyong'onyea, kompyuta mapajani. Programu yake ya kuita magari ya wagonjwa ilikuwa imezimika mara tatu wiki hii, na saa tisa bosi angempa mtu mwingine kazi yake ya miaka miwili. Ilimuuma.

— Anwani ikikosewa, programu inatakiwa ilidake hilo kosa, iulize upya. Nimeandika mistari minne ya kulidaka. Nyumbani inadaka, kazini inakufa.

— Joto hilo, — alisema Disketi.

— Joto gani Oktoba, mzee? — Profesa akadakia. — Ni jua. Linatema cheche, zinatoboa mpaka zege!

— Zikaangukia mistari ya Rayna tu? Acha kutupiga kamba.

— Basi ni jirani wa ghorofa ya tano. Tangu aweke lile dishi, hata paka wangu hanitambui.

Rayna akacheka bila kutaka.

— Au ni kompaila, — akasema kwa woga.

Disketi almanusura amwage kahawa.

— Binti, nilikufundisha nini? Wanagenzi ndio humsingizia kompaila! Kosa ni lako, litafute.

Zlatka, mtafsiri wa mahakamani, alikuwa akingoja kikombe chake kijae.

— Samahani, huyo kompaila kazi yake nini?

— Kutafsiri, dada, — alisema Disketi. Tunachoandika sisi, yeye anaiambia mashine kwa lugha yake.

— Mimi nikiharakishwa huruka mstari. Ndiyo maana nina mwenzangu wa kunikagua. Wa kwenu anakaguliwa na nani?

 

Rayna akakumbuka: kazini kompaila huamriwa aifanye programu iende mbio, hata kwa kufupisha, nyumbani haamriwi. Akafungua tafsiri yenyewe ya kazini, akashuka nayo kwa kidole. Mahali pa ile mistari minne palikuwa patupu.

— Ameiruka! Bai Metodi, ameiruka!

Mzee akavaa miwani, akasoma mara mbili.

— Miaka kumi nimekutisha bure, binti. Nenda kawaonyeshe kazini.

Rayna alishavuka barabara, kahawa yake kaiacha benchini. Disketi akaifunika kwa gazeti isipoe.