Barua Kumi na Moja za Mama Nakala

Ijumaa ya tarehe 29 mwezi huu, mkuu wa kitengo chetu cha kompyuta anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Ana jina lake kamili kwenye faili la ajira, lakini wodini na maabara tunamwita Mama Nakala, na aliyembandika jina hilo hakukosea.

Alianza kama karani wa kuchapa barua. Kompyuta zilipoingia alijifundisha mwenyewe kwa kusoma vile vitabu vya maelekezo ambavyo sisi wengine tulivitumia kuwekea vikombe vya chai. Baada ya miaka sita ndiye aliyekuwa akiitwa kila kitu kinapogoma, ikiwamo pasi ya dobi, kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuzieleza. "Umeweka nakala?" ndiyo salamu yake. Hata mkwe wake aliulizwa hivyo siku alipokuja kujitambulisha, kabla hajaketi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati ya sherehe imeniomba niliguse juu juu. Sitaligusa juu juu.

Seva yetu, yaani ile kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wote, ilikaa chumba cha ghorofa ya chini. Nakala ya kumbukumbu hizo ilikuwa kwenye mashine ya pili, rafu ya chini yake, chumba hicho hicho! Mama Nakala aliandika barua akiomba mashine ya pili ihamishiwe jengo jingine, na kila mwaka tufanye zoezi la kurejesha mfumo kama tunavyofanya zoezi la moto. Hakujibiwa la maana, akaandika tena mwaka uliofuata, na uliofuata, mpaka zikafika kumi na moja. Idadi naijua kwa sababu mimi ni wa masjala na nilizipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi, akatia saini ya kupokea kwenye nakala aliyobaki nayo Mama Nakala. Majibu yalikuwa yale yale: "Tunalifanyia kazi." Na hii ni hospitali ambayo kila ukuta wake unakwambia kinga ni bora kuliko tiba.

Tusisingiziwe, mpango wa kukabiliana na majanga tulikuwa nao. Ulikuwa jalada la bluu la kurasa arobaini, na ukurasa wa tatu ulielekeza apigiwe simu mhandisi ambaye tulikuwa tumemzika miaka mitano nyuma.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, bomba la choo lilipasuka ghorofa ya juu. Maji yalipenya dari, yakaimaliza mashine ya kwanza, kisha yakateremkia ya pili. Kwa siku tisa hatukuwa na mfumo. Wauguzi walikimbizana na vikaratasi, na foleni ya dirisha la dawa ilifika getini. Mama Nakala alihangaika na zile mashine mpaka akaokoa karibu kila kitu, isipokuwa majibu ya maabara ya wiki sita za mwisho.

Katika wiki hizo sita alikuwamo fundi seremala mmoja aliyetolewa maji ya uti wa mgongo. Sampuli ilikwisha katika vipimo na majibu yalipotea, kwa hiyo ikabidi achomwe sindano ile ile mara ya pili.

"Kwani yale ya kwanza mmeyapeleka wapi?" aliuliza.

Hakuna mkubwa yeyote aliyekwenda kumjibu. Alikwenda Mama Nakala. Alivuta kiti kando ya kitanda, akamweleza ukweli wote, akamwomba radhi kwa kosa lisilokuwa lake. Kisha akaja masjala, akaketi kwenye stuli yangu, akalia. Sijawahi kumwona akilia kabla wala baada ya siku ile.

Wiki iliyofuata aliletewa taarifa iliyokwisha kuchapwa, ikisema chanzo cha hasara ni "uzembe wa kitengo cha kompyuta". Kilichobaki kilikuwa saini yake tu. Alikataa. Akaitwa mbele ya bodi, nami nikaitwa kuandika kumbukumbu za kikao.

"Hakuna aliyetutahadharisha," mkurugenzi alisema bila kupepesa macho.

Mama Nakala alifungua bahasha, akazipanga nakala za zile barua mezani moja moja. "Saini hizi za kupokea ni zako, Bwana Mkurugenzi," alisema kwa upole. "Mimi niliajiriwa kutengeneza mashine. Kuamua ziwekwe wapi mliajiriwa ninyi."

Mwenyekiti wa bodi, mama asiye na maneno mengi, alizisoma zote. Kisha akachukua kalamu, akafuta maneno "kitengo cha kompyuta" na kuandika "uongozi na bodi". Barua ya kumwomba radhi fundi seremala aliitia saini mwenyewe.

Leo nakala zetu zinakaa jengo la ng'ambo ya barabara. Zoezi la kwanza la kurejesha mfumo lilituchukua saa kumi na moja, aibu tupu. La mwisho lilichukua saa mbili na dakika kumi. Ni ushindi wake, ila inaniuma kwamba ulisubiri bomba lipasuke.

Ningefunga kwa furaha tupu, lakini uongozi umegundua wiki mbili zilizopita kwamba hakuna aliyeandaliwa kumrithi, ilhali tarehe ya kustaafu kwake imo kwenye faili tangu siku aliyoajiriwa. Nikaombwa nimsihi, kupitia ukurasa huu, asizime simu yake. Nimewajibu kwamba sitamsihi.

Ahsante, mama, kwa subira tusiyoistahili. Nenda kawadekeze wajukuu, ulale mchana mpaka uchoke kulala. Simu izime. Tukikwama, tutakwamuka wenyewe, maana ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya. Tunakutakia miaka mingi yenye afya na utulivu.