Neno la Siri Nililoligawa kwa Muhali

Mama zangu, dada zangu, asalaam alaykum. Wiki tatu nimekaa kule nyuma nikiwasikiliza wenzangu wakifungua vifua, na kila nikitazamwa najifanya naweka kanga vizuri. Leo mwenyekiti wa kikundi chetu kanishika mkono, sina pa kukimbilia. Habari yangu haina ugonjwa wala talaka. Yangu ni ya kompyuta. Naona wengine mshaanza kucheka. Chekeni tu, mbele mtanyamaza wenyewe.

Mie nilikuwa masijala, kwenye kampuni ya watu binafsi ya kupima viwanja, zile zilizoota baada ya mambo kuwa ruksa. Masijala ndipo panapotunzwa majalada. Nilikuwa na makabati manne, na funguo zote ninazo mie. Hata mkurugenzi akitaka jalada alisaini daftari, na hakuna aliyeninunia kwa hilo.

Zikaja kompyuta. Tano mezani kwa watu, zimeungwa kwa waya na moja kubwa chumbani kwangu, wanaiita seva, ambamo kazi zote za ofisi zimewekwa pamoja. Fundi aliyezifunga alinifundisha siku mbili. Akaniambia, "Dada, kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Orodha ya wenye mashamba waisome wote, lakini kuandika na kufuta iwe wewe peke yako. Na kila Ijumaa toa nakala kwenye disketi, ufungie kabatini." Nikafanya hivyo, nikajiona msomi.

Haikupita wiki akaja mzee wetu mmoja, mchoraji ramani, mtu ninayempa shikamoo kila asubuhi na ndiye aliyenitafutia kazi. Kompyuta ilimkatalia kurekebisha herufi moja kwenye orodha. Hakufoka. Alisimama mlangoni akasema, "Mwanangu, hata mie unanifungia?"

Ndugu zangu, nawaambia, muhali ni maradhi yetu sie watu wa pwani. Mtu akikutazama vile utampa hata nguo uliyovaa. Nikampa neno langu la siri. Wa pili akasikia, akaja: umempa yule, mie una shaka gani na mie? Nikampa. Kabati nililifunga bila haya, maana lilimfungia kila mtu. Hii ya kompyuta, kumnyima mmoja ilikuwa kama kumwambia machoni kwamba simwamini. Mwezi haujaisha, ofisi nzima inaingia kwa jina langu, na neno limeandikwa kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani. Disketi nazo wakawa wanaziazima kuchapia kadi za harusi. Nilikuwa nawaambia tu wazirudishe.

Wakati huo tunapima Boko, kule pembeni ya mji. Wenyeji wenye minazi yao walikuja kueleza mipaka, mie naandika, ili viwanja vikikatwa na wao wapate haki yao. Akaja bibi mmoja, mjane, hajui kusoma. Shambani mwake lipo kaburi la mumewe. Alinieleza mipaka taratibu, mti kwa mti, jirani kwa jirani, nami nachapa. Nilipomaliza akauliza, "Nimeshaingia humo?" Nikamjibu, "Umeingia, bibi, hutoki."

Miezi michache baadaye akarudi. Kakuta vigingi vya zege shambani mwake, na mtu mwenye barua ya kumilikishwa kiwanja anashusha mawe ya msingi. Nikamkalisha, nikafungua orodha. Jina lake halipo. Mahali pake pana jina la mtu nisiyemjua. Nikakimbilia disketi ya Ijumaa ya wiki ile niliyomwandika. Ikafunguka kadi ya harusi: familia ya fulani inayo furaha kukualika. Bibi ananitazama. "Soma basi, mwanangu," akasema.

Fundi akaitwa. Akasema mashine inaweka kumbukumbu ya nani kabadilisha nini, na aliyebadilisha ni mie. Jina langu, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi. Mkurugenzi akauliza nani mwingine analijua neno lile. Yule mzee akasema, "Sie mambo ya masijala hatuyajui." Kalenda ilikuwa ishatolewa ukutani. Mpaka leo sijui ni nani, na nilishaacha kuuliza.

Kazi yangu ikaisha siku ileile. Mtaani Mwananyamala ikasemwa nimekula rushwa. Mume wangu, mtu mpole, aliniuliza mara moja tu, "Kama umechukua, niambie mie." Ile mara moja iliniua. Karibu mwaka mzima nilijifungia ndani. Harusini siendi, msibani siendi, na nyie mnajua, asiyekwenda misiba ya watu kashajizika mwenyewe. Nilikuwa na hasira na wenzangu wote wa ofisini, lakini kilichokuwa kikininyima raha ni lile neno "hutoki" nililomwambia bibi wa watu.

Wawili kati yenu walikuwa wakija. Siwataji, wenyewe wanajijua. Mmoja analeta uji, anakaa, hasemi kitu. Wa pili ana mdomo. Siku moja nalia, akanikatisha, "Umeshakwenda kwa yule bibi?" Nikasema sijaenda, nitamwambia nini. Akasema, "Basi unajililia mwenyewe." Nilimchukia siku tatu. Ya nne nikavaa baibui nikaenda Boko.

Nilimkuta kwenye chumba cha uani kwa binti yake. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: neno la siri, kalenda, kadi ya harusi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hukuiba. Uliacha mlango wazi." Nikasema ndiyo, bibi. "Nenda kawaambie wakubwa hivyohivyo."

Nikaenda ofisi ya kata. Nikaandika kwa mkono mipaka yake yote kadiri nilivyokumbuka, na chini nikaandika kwamba mie ndiye niliyeligawa neno lile. Wakati natia saini nilijua hakuna masijala itakayoniajiri tena. Majirani zake wakaja kushuhudia. Shauri likaenda, likarudi. Shamba likabaki kwa yule mwenye barua; tulichopata ni kaburi, ruhusa ya kulizuru na ya bibi kuzikwa hapohapo, basi.

Nawashukuru nyie, mwenye uji na mwenye mdomo. Leo nauza vitumbua na nalala usingizi. Ninachoweza kuwaachia ni hiki: kufunga kitu cha watu si kumtuhumu mtu. Ile "hapana" yangu ingemuuma yule mzee siku moja, angeninunia, angesahau. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mie ufa wangu, ukuta kaujenga mwingine, juu ya shamba la mjane.

Bibi kafariki mwaka huu, kazikwa ubavuni kwa mumewe. Siku ya arubaini tulikwenda kumsomea. Tulisimama barabarani na juzuu zetu mkononi, binti yake mbele, tukigonga geti la ukuta ule na kumsubiri mwenye nyumba atufungulie.