Mama Masouda na Jini Aliyekataa Kutoweka

Alhamisi, tarehe 30 Aprili 2026, Bi Masouda binti Amur, ambaye hapa studio sote tunamwita Mama Masouda, anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kutunza vifaa vya maigizo. Mkurugenzi wetu, Bwana Loay, ameniomba niandike wasifu mfupi wenye furaha, tena nisiiguse ile tamthilia ya jini. Furaha ipo. Jini naye nitamgusa, kwa sababu kwa miaka tisa Mama amebebeshwa kosa lisilo lake, na sitaki aondoke nalo.

Alianza mwaka 1998 na kabati moja lisilofunga. Leo stoo yake ya Al Khuwair, hapa Muscat, ina vilemba arubaini, simu za kila zama, na jeneza ambamo mafundi hujilaza mchana wakishashiba wali. Ukitaka kitu, atakuuliza ni cha nini na kitarudi lini. Mtangazaji mmoja aliazima jambia la kipindi cha Idi akalikalia siku mbili zaidi. Mama alimfuata mpaka kwenye harusi ya dada yake, akala pilau, akalichomoa jambia kiunoni mwa bwana huyo, akaaga vizuri.

Mwaka 2017 tukatoa "Jini Mpangaji", kichekesho cha familia ya mtaa wa Al Khoudh iliyompangisha jini chumba cha uani. Tulipanga vipindi ishirini na sita, vilirushwa sita. Mwandishi wake ni mimi, Jacob Omondi, nikiwa na miezi minne tu Muscat.

Kasoro zilikuwa tele. Vicheko tulivirekodi kwa shangazi zake Bwana Loay siku ya karamu, kwa hiyo kila mzaha ulifuatwa na shangazi mmoja akikohoa. Busati la kuruka lilikaa juu ya toroli ya dukani yenye gurudumu linalolia. Moshi wa jini ulitoka kwenye chetezo, na tulipokuwa tukirekodi kipindi cha tatu king'ora cha moto kikalia. Wazima moto wakaja, Mama akawakaribisha kahawa na halua, na kwa kuwa hatukuwa na muda wa kurudia, wamo kipindini wanakula. Watazamaji walisema hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Niliandika kwamba jini hutoweka papo hapo akisikia bismillahi. Mama aliisoma rasimu, akaandika onyo na tarehe pembeni kwa penseli, kisha akaniita.

"Mwanangu, watu wetu hata friji huifungua kwa bismillahi. Huyo jini wako atakaa saa ngapi?"

"Usijali Mama, hiyo ni ndogo tu," nikamjibu, kwa ujuaji wote wa mtu asiyejua kitu.

Kipindi cha kwanza peke yake kilikuwa na bismillahi kumi na tisa, na jini amejikalia sebuleni. Tukawakataza waigizaji kuitamka. Jaifar, aliyecheza baba wa nyumba, akashika kikombe cha kahawa dakika nzima bila kunywa, macho yamemtoka. Hatem, jini mwenyewe, hakuweza kuuma sambusa bila kupiga bismillahi kwanza. Bibi mmoja wa Matrah akapiga simu: "Jini gani huyu? Kiziwi?"

Baada ya kipindi cha sita tukaitwa kikaoni. Bwana Loay alitaka kujua nani alipaswa kuliona jambo hilo mapema, na mezani palikuwa na barua ya kunirudisha Kisumu, imeshachapwa. Mke wangu Peninah alikuwa na kichanga cha wiki tatu.

Mama Masouda akasimama. "Kosa langu mimi. Hawa waigizaji nnawajua toka wadogo. Ningemwambia Jacob, sikumwambia."

Barua ikachanwa. Ukuu wa idara ya utayarishaji, ambao Mama alikuwa apewe mwezi ule ule, akapewa mtu mwingine. Yeye akarudi stoo kuhesabu vilemba. Hajanikumbusha hata siku moja, nami kwa woga nikanyamaza, kisha kwa aibu nikaendelea kunyamaza. Kichanga kile sasa kiko darasa la tatu.

Ukurasa wenye penseli yake ninao. Asubuhi hii nimeubandika kwenye ubao wa matangazo karibu na lifti. Bwana Loay, tafadhali uusome pamoja na tarehe yake. Mama alisema, tena mapema. Aliyepuuza ni mimi.

Mama Masouda, tunakushukuru kwa kazi yako, kwa halua yako, na mimi nakushukuru kwa uongo mmoja uliolisha nyumba yangu. Mungu akujalie afya, wajukuu wasumbufu na asubuhi zisizo na haraka. Kosa hili umelibeba vya kutosha. Sasa nipe mwenyewe nilibebe.