Damu ya Mwende Ilipokuwa Juu

Bwana asifiwe, kina mama wa Kalamba. Hiyo amina ni ya watu waliolala. Si kitu, tutaamshana huko mbele.

Nimeandika haya kwa karatasi kwa sababu mwenyekiti wetu aliniomba nisitukane mtu, na mimi nikiongea bila karatasi najijua. Majina sitataja. Lakini ukijisikia humu ndani, tafadhali usijifanye unaenda chooni. Kaa. Mwisho wa maneno yangu ni shukrani, na zako ziko ndani.

Mnanijua. Ni mimi yule msichana wa Zombe aliyeolewa huku, ambaye mlisema ana mdomo. Na huyu niliyembeba ndiye Mwende.

Ilianza na joto. Alikuwa ndiyo tu amejua kukaa bila kushikwa. Joto na kikohozi kidogo, halafu kulialia. Ndugu zangu, nawaambia, ukimbeba mtoto mgonjwa kutoka nyumbani hadi sokoni hapa kwetu, utapewa ugonjwa mmoja na kila unayekutana naye. Meno! Jirani, meno. Mama wa mboga, ambaye hata hakuacha kuhesabu nyanya zake, "Ni maeo hayo, ni meno." Nikamfungua mtoto mdomo nikamwonyesha fizi, tupu, hakuna kitu. "Yanakuja," akasema. Mtoto akihara ni meno. Akikataa kula ni meno. Akifa tutaandika meno kwa msalaba? Samahani, mwenyekiti.

Kwa kemisti meno yakageuka malaria. Hakumdunga hata kidole. Alimwangalia tu hivi, kama mtu anayenunua mbuzi akiwa na haraka, akanipa chupa.

Na joto iliisha. Hapo ndipo nataka mnisikilize, kwa sababu hapo ndipo wote mlinipongeza. "Si tulikuambia?" Joto iliisha mtoto akawa baridi. Mikono baridi, miguu baridi. Ukimpa titi analiweka mdomoni halafu anasahau. Akivuta pumzi, mbavu zinaingia ndani. Nikamfunga mgongoni nikaenda zahanati. Nesi wa pale alimfunua leso mara moja tu. Hakuuliza habari ya meno. Alisema, "Huyu si wa hapa," akashika simu kuita ambulensi.

Hospitali kubwa walimwekea oksijeni, mpira wa maziwa puani na maji mkononi, na wakaanza kumdunga dawa kabla sijamaliza kutaja majina yangu. Malaria wakapima. Hana. Daktari wake alikuwa msichana, labda nimemzidi umri. Alivuta kiti akakaa, na hilo la kukaa sitalisahau, kwa sababu wengine wote waliniongelesha wakitembea.

"Mama Mwende, hii inaweza kuwa virusi, inaweza kuwa bakteria. Kwa macho, mtoto mwenye hiki na mwenye kile wanafanana. Nimemwanzishia dawa ya bakteria kwa sababu nikingoja nijue, atanifia. Lakini nataka damu yake."

"Mnaenda kufanyia nini?"

"Nyingine tunaipanda kwa chupa, tuone kama kutamea mdudu. Vile unapanda ndengu."

"Na inamea lini?"

"Siku kadhaa. Wakati mwingine haimei, na mdudu yuko."

"Na yeye atangoja ndengu zimee?"

Alicheka, lakini si kwa furaha. "Ndiyo maana kuna hii nyingine." Akanieleza kwamba mwili ukivamiwa na bakteria, ini linamwaga kitu kingi kwenye damu, na hicho kitu kinapimika leo leo. Kipimo kinaitwa CRP. "Si nabii," akasema. "Hata mtoto akiungua na maji moto kinaweza kupanda. Hata virusi vinaweza kukisukuma kidogo. Lakini nikikiweka pamoja na ninachoona kwa Mwende, na nikikipima tena, kitaniambia kama dawa yangu inapigana au imelala."

Jibu lilirudi jioni. Akalisoma, akaniambia, "Iko juu. Iko juu sana."

Nikapiga simu nyumbani. Mume wangu akashika, na kwa vile yeye huongea na simu kama redio, kila mtu alikuwa anasikia. Nikasema, "Daktari amesema iko juu sana," na simu yangu ikazima kwa kukosa chaji. Kitu cha mwisho nilichosikia ni sauti ya susu ya mtoto, mama ya mume wangu, huko nyuma: "Asante Yesu! Damu iko juu!"

Kina mama, mbona mnacheka? Nyinyi wote mngesema hivyo hivyo. Nani hapa hajaenda kliniki na tumbo, akaambiwa damu iko chini, nenda ukale mboga na maini? Halafu ukirudi unaambiwa damu iko juu, unaenda nyumbani ukiimba. Hiyo ndiyo juu tunayoijua. Kwetu damu haijawahi kuwa juu ikawa ni habari mbaya, isipokuwa ile ya presha, na mtoto wa kukaa hana presha.

Basi maneno yakatembea. Jumapili yakatangazwa, hapa hapa mlipokaa. Mkapiga ngoma, mkacheza, mkamshukuru Mungu kwa uponyaji. Na wakati mnacheza, mimi nilikuwa nimeweka kidole chini ya pua ya Mwende nione kama anapumua. Nilikasirika nilipojua. Bado nimekasirika, nikiwaangalia.

Halafu wakaja kumchukua.

Susu alikuja mbele na shali mpya na thamosi ya uji. Nyuma yake mume wangu. Nyuma yake babamkwe wangu na ndugu yake mdogo, yule mwenye gari. Gari lilikuwa linangoja langoni na injini inanguruma.

"Mbona bado ana mipira na damu iko juu?" susu akauliza.

"Mwaitu, mama, si damu iliyo juu. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa uko juu? Wanaupima na nini, rula?"

Yule mwenye gari akaingilia. "Hawa wa hospitali ukiwazoea hawakuachilii. Mtoto ameombewa, amefungua macho, huyo anatuangalia. Funga nguo twende."

"Haendi."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Siku hizi Form Four ni ya udaktari?"

Nikamwangalia mume wangu. Mume wangu akaangalia viatu vyake. Nikaona yule bwana ananyoosha mkono kwa plasta iliyoshika mpira wa oksijeni, anauliza hii inatolewaje, na nesi yuko mwisho wa wodi na mtoto mwingine.

Sasa, nyinyi mnajua nthoni, ile heshima ya wakwe. Mimi na babamkwe hatupeani hata mkono. Nikimwona njiani nampisha, naye ananipisha, na ndugu yake ni hivyo hivyo. Kuna vitu hawawezi kuviona kwangu hata dunia ikiisha. Na bahati nzuri ilikuwa ni saa ya maziwa ya Mwende. Alikuwa hawezi kunyonya, kwa hivyo nilikuwa namkamulia kwa kikombe, yanapita kwa mpira.

Nikafungua vifungo. Vyote.

Wanaume waligeuka kama waliomwagiwa maji. Yule mwenye gari aligonga meza ya dawa, akaomba msamaha kwa meza. Babamkwe alishafika kwa mlango. Mama wa kitanda cha pili alijifunika leso usoni, anatetemeka kwa kicheko. Nami nikakamua. Polepole. Sijawahi kukamua maziwa polepole hivyo.

Kabla kikombe hakijajaa, daktari alikuwa amefika. Hakugombana na mtu. Alimshika susu mkono, akamketisha kitandani kando ya mtoto.

"Susu, nyumba ikishika moto, moshi unaenda wapi?"

"Juu."

"Ukiwa juu sana unashukuru?"

Susu akaangalia mbavu za mtoto zikiingia.

"Hicho tulichopima ni moshi. Moto uko ndani ya huyu mtoto. Macho amefungua kwa sababu ya hii hewa. Nikimtoa kwa hewa, sidhani kama atavuka hilo lango."

Hapo ndipo mume wangu alipopata mdomo. Akasema, "Mama, hii juu si ile juu." Ni maneno machache, na yalichelewa, na nilimwambia hivyo baadaye. Lakini aliyasema, na alitoka nje kumwambia baba yake gari lirudi.

Susu hakurudi nalo. Alivua viatu, akamfunika Mwende ile shali, akaninywesha ule uji mimi.

Daktari akapima tena. Ile kitu haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda. Akaniambia dawa ya kwanza haimwezi huyu mdudu, akabadilisha siku hiyo hiyo bila kungoja ile chupa ya kupanda damu. Chupa nayo ikaja ikaota mwishowe, ikakubaliana naye. Wakati huo sikuwa nalala, sikuwa naomba hata, nilikuwa nasema tu jina lake. Susu ndiye aliyeomba, kwa Kikamba, chini chini, mpaka sauti ikamkauka.

Halafu nikiwa nje nafua nepi, nesi akapita kwa korido akimwita daktari kwa mbali: "CRP ya Mwende imeshuka!"

Mayowe niliyoyasikia sitaki kuyasikia tena. "Imeshuka! Mwende ametuacha!" Susu, aliyesikia ni damu iliyoshuka, alikuwa ametupa kitambaa cha kichwa, amekaa sakafuni. Wanawake wa veranda wakaingia, mmoja tayari ameanza wimbo wa msiba. Nilikimbia na nepi mkononi inadondosha maji. Nikafika kitandani. Mtoto alikuwa macho, ameshika mpira wake wa pua anauvuta, anamwangalia susu yake kama mtu anayeshangaa haya yote ni ya nini.

"Susu! Susu, imeshuka ni vizuri!" nesi akapiga kelele.

Susu akanyanyuka hapo sakafuni, machozi yote, akamnyooshea kidole. "Nyinyi watu amueni! Mara juu mbaya, mara chini nzuri! Mtatuua!"

Wodi nzima ilicheka. Nami nilicheka mpaka nikalia, nikajifuta machozi na ile nepi.

Ikaendelea kushuka. Akanyonya. Ile namba ndiyo ilimsaidia daktari kujua hata wakati wa kuacha kumdunga, ili asimdunge bure.

Shukrani zangu ni hizi. Kwa nesi wa zahanati aliyetazama mara moja akajua. Kwa daktari aliyevuta kiti. Kwa mama wa kitanda cha pili, ambaye mtoto wake hakurudi naye nyumbani, na bado alinifulia leso. Kwenu nyinyi, mlioshukuru mapema. Nafikiri Mungu alizipokea hizo shukrani akaziweka mahali, akangoja wakati wake. Kwa baba Mwende. Na kwa yule mama aliyekuja na shali kumchukua, akabaki. Simtaji, ameinamisha kichwa pale, na mimi nampenda.

Hasira yangu haijaisha. Kile kipimo hakipaswi kuwa cha wale tu wanaofika hospitali kubwa. Wengi wetu hatufiki. Nitalisema hata kwa baraza la chifu, mniitie tu.

Na ninyi msikimbie na neno moja. Ukiambiwa jibu la mtoto wako, usitoke hapo kabla hujauliza: ni nini kiko juu? Na kikiwa juu, nicheke au nilie? Wakikuona mjinga, wacha wakuone. Mtoto ni wako. Na mtoto wa baridi asiyenyonya, tafadhali, kina mama, huyo hana meno. Huyo kimbia naye.

Nimemaliza. Mwende amekuwa mzito siku hizi, mkono wangu umekufa ganzi. Nani anamchukua?