Mwalimu Njuki na Mashine Zilizokataa Kuuzwa kwa Kilo

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha useremala katika Chuo cha Ufundi Rwamuthanga, nje kidogo ya mji wa Embu, Mwalimu Njuki Nyaga anastaafu rasmi tarehe 31 Julai mwaka huu. Sheria ya umri imeamua kwamba amechoka. Yeye mwenyewe bado hajapata habari hizo kutoka kwa mwili wake.

Alipofika hapa kutoka Kiritiri alikuta karakana yenye paa, meza na ahadi. Ahadi bado tunayo. Vifaa vilikuwa vinakuja na bajeti ijayo, na Mwalimu, aliyeamini kwamba kenda shika ni heri kuliko kumi nenda uje, akaanza kuzuru wauza vyuma chakavu wa mjini. Kuna wake wanaoogopa baa. Mama Ciakuthii, mkewe, aliogopa kibanda cha Gachoki, mmoja wa wauzaji hao, maana huko ndiko mumewe alikokuwa akipotelea kila Jumamosi na kurudi na kitu kizito kisichoeleweka.

Kanuni zake za kuchagua alizirudia kwa sauti kubwa mpaka sisi wa Idara ya Uashi, tulio ng'ambo ya ukuta, tukazijua kwa moyo. Kutu si ugonjwa, ni uchafu. Ugonjwa ni ufa. Randa kuukuu ielekeze kwenye mwanga uone kama tumbo lake limepinda. Mashine igonge kwa nyundo ndogo, kwa kuwa chuma kizima hulia na chenye ufa hukohoa. Tena iogope rangi mpya, kwani hakuna anayepaka rangi kitu kikuukuu bila sababu. Kanuni hiyo ya mwisho aliitumia pia wakati wa uchaguzi.

Kwake hakuna mwanafunzi aliyegusa mashine kabla ya kufufua kifaa kimoja. Wiki ya kwanza wote walitumwa kwa Gachoki, kila mtu achague kutu yake, kisha ailoweke kwenye mafuta taa, aisugue kwa msasa, ainoe na kuitilia mpini. Wazazi walilalamika kwamba hawakulipa karo ili watoto wao wafundishwe kuosha vyuma. Wazazi hao hao leo wanakalia viti vilivyorandwa na vyuma hivyo, na hatujasikia wakisimama.

Si kwamba hakukosea. Kule Timau, shamba moja kubwa la ngano na ng'ombe lilipouza vyombo vyake vya zamani, Mwalimu alirudi amepanda nyuma ya pikapu, amekumbatia msumeno mrefu unaozunguka kama mkanda. Aliugonga ukalia. Akabadilisha beringi, akaupaka grisi, akauvalisha meno mapya. Siku ya kuuwasha ulipita kwenye ubao wa grevilia kama kisu kwenye ndizi, lakini ulipopata joto karakana nzima ikaanza kunuka mchuzi. Mwalimu alikuwa amenunua msumeno wa kukatia mifupa. Mbwa wa mtaa mzima walihudhuria masomo muhula ule bila kukosa, kuwashinda hata wanafunzi. Mpaka leo yeye husema msumeno haujui unachokata, na lazima tukiri kwamba bado unakata.

Baadaye wafadhili walitupa mashine mpya ya kuranda. Imezinduliwa mara mbili, na wageni wawili tofauti. Inataka umeme wa fezi tatu, ule wa viwandani, nasi tuna umeme wa kuchemshia chai. Kwa hiyo ingali imevaa nailoni yake, na ndiyo mashine iliyotunzwa vizuri kuliko zote chuoni.

Mwaka huu kamati ya vifaa iliketi ikaamua kwamba, Mwalimu akiondoka, mashine zote alizozifufua ziuzwe kwa kilo ili ile mpya ipate nafasi pana zaidi ya kukaa. Hapo Njuki, mtu aliyebishana na kila mkaguzi, alivua kofia, akaingia kwa Mkuu wa Chuo, Madam Cicily, na kuomba jambo moja tu. Hakutaka zawadi wala sherehe. Alitaka mashine zibaki na Mwalimu Gladwell Kaari, mwanafunzi wake wa zamani kutoka Kibirichia anayefundisha naye sasa, kwa sababu bila hizo Gladwell angebaki na chaki na nailoni. Madam Cicily alimhurumia kweli. Lakini kamati ilikuwa imeshaketi, na kamati yetu ikiketi huwa haiinuki.

Lori lilipokuja, mnunuzi alikuwa Gachoki. Aliizunguka mashine kuu ya kuranda kati ya zile za Mwalimu, akaigonga, akamwomba Gladwell aiwashe. Ubao uliingia upande huu na ukatoka upande ule ukiwa laini. Gachoki akawageukia wanakamati.

“Mimi nanunua chuma imekufa,” akasema. “Hizi ziko hai, na bei ya mashine hai siwezani nayo. Si mimi mwenyewe niliwauzia zikiwa maiti?”

Akaondoka na lori tupu, baada ya kuuliza kwa upole kama ile yenye nailoni inauzwa. Kamati ikaamua mashine zibaki kwa muda, na hapa kwetu kwa muda ni maisha.

Wiki iliyopita tulimpeleka Mwalimu karakanani apigwe picha ya ukurasa huu. Alivaa suti, na tai nyekundu aliyofungiwa na Mama Ciakuthii. Gladwell alikuwa anaranda mbao za madawati na wanafunzi. Mwalimu akaenda moja kwa moja kwenye mashine, mkono ukitangulia. Gladwell akazima mota.

“Mwalimu, tai haiingii hapa,” akasema. “Rudi nyuma ya laini.”

Sheria hiyo ni ya Njuki mwenyewe, na mstari ule wa manjano sakafuni aliuchora yeye. Amewahi kuwarudisha nyuma ya mstari huo wakaguzi na askofu mmoja. Mzee alimtazama Gladwell, akaitazama mashine, kisha akarudi nyuma ya mstari, akasimama pale machozi yakimtoka bila aibu, akamwambia mpiga picha apige kutoka hapo hapo. Gladwell alingoja mpaka miguu yote miwili iwe nje, ndipo akawasha.

Kwa hiyo msomaji asilalamike kwamba picha imepigwa kwa mbali.

Asante, Mwalimu, kwa kelele, kwa vumbi na kwa vijana wote uliowatoa na kazi mkononi. Tutakukosa sana, na hilo tunalisema bila mzaha. Mungu akupe afya njema, mvua ya kutosha kule Kiritiri na mbuzi wanaosikia. Nenda ukapumzike bila wasiwasi. Karakana umeiachia mtu anayeweza kukufukuza.