Fundo la Sogeza

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Sogeza anarudisha funguo na kustaafu, baada ya miaka ishirini na nane katika kampuni yetu ya programu za hospitali. Jina hilo limemganda hivi kwamba hata yule wa mishahara ilibidi aulize jina lake halisi alipokuwa akiandaa cheti. Kazi ya kumwandikia nimepewa mimi ninayewachemshia chai, nadhani kwa sababu nyinyi wajukuu zangu mngempaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Basi tuanze na ukweli. Sogeza ni mbishi. Hajui kuimba, na bado kila sherehe wimbo huanzisha yeye. Chai akiisahau ikapoa, hulalamika kwamba ililetwa baridi. Lakini mtu akilazwa, wa kwanza kufika kitandani ni huyo huyo mbishi, na haendi mikono mitupu.

Alianza hapa kwa kuvuta nyaya na kufungua printa zilizomeza karatasi. Kuandika programu alijifunza kwa kusimama nyuma ya wenzake na kuuliza maswali. Walimkimbia. Walipochoka kumkimbia, wakampa kiti.

Kazi iliyompa jina ni ule ukurasa ambao hospitali huufungua kwenye kivinjari kila asubuhi. Ni dirisha moja lenye vyumba vitatu: kushoto majina ya wagonjwa, kulia faili la mgonjwa, chini majibu ya maabara. Zamani vyumba hivyo vilikuwa kama vya saruji. Upana uliopewa ndio huo, uwe unaona au huoni.

Katika masjala ya hospitali moja alikuwako mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kumuaga. Akikuza maandishi, majina yanakatika nusu kwa sababu chumba chenyewe chembamba. Akiyapunguza, anasoma pua ikigusa kioo. Msimamizi wake alishamwambia wazi kwamba akitoa faili la mgonjwa asiyehusika mara moja tu, atahamishiwa getini, na mshahara wa getini usingewatosha wajukuu wawili aliokuwa akiwalea. Sogeza alikwenda pale kutengeneza printa. Printa ilipona mapema, yeye akabaki kando ya yule mzee hadi jioni, akitazama alama ya pua kwenye skrini.

Baada ya wiki kadhaa, kuta zikaanza kutembea. Unaweka mshale kwenye mstari unaotenganisha vyumba, unabonyeza, unavuta. Huku panapanuka, kule panapungua. Sogeza akampigia mzee simu, sauti ikasikika hadi jikoni: "Sogeza, mzee wangu. Sogeza tu, haivunjiki." Tangu siku hiyo hakuitwa jina jingine.

Kweli haikuvunjika, ila ilifungika. Muuguzi mmoja alivuta mstari hadi ukingoni, chumba cha maabara kikatoweka, akapiga simu akilia kwamba majibu ya wodi nzima yameibwa. Kesho yake akapiga mwingine. Mkurugenzi wetu, ambaye hapendi simu hata za mkewe, akatoa amri: ikifika Jumatatu mistari yote igandishwe kama zamani. Sogeza akabisha, lakini ubishi si dawa. Asipopata jawabu, mzee anakwenda getini.

Jawabu alilikuta chumbani kwa binti zake. Wasichana hao wawili walitundika nguo kwenye kamba moja, na katikati yao paliwekwa pete yenye kitambaa chekundu kuwa mpaka. Mwenye nguo nyingi husogeza pete. Jumamosi hiyo mkubwa alisogeza hadi nguo za mdogo zikabanwa kwenye kona kama abiria, kelele zikaenda hadi kwa jirani. Mama yao, fundi cherehani asiye na maneno mengi, akapanda kwenye kigoda, akafunga fundo upande huu na fundo upande ule. "Sukumaneni mtakavyo," akasema, "lakini hapa pete haipiti."

Jumatatu Sogeza alifika na soksi zisizojuana, na fundo likiwa ndani ya programu. Kila chumba kilikuwa na upana wake wa mwisho, usiopungua tena. Ukivuta ukafika hapo, mstari unagoma. Akaongeza jingine: kompyuta ikumbuke kila mtu alivyoviacha vyumba vyake, akirudi avikute vilevile. Mkurugenzi akavuta mwenyewe, kwa hasira, mbele yetu, kushoto na kulia, juu na chini. Hakuna kilichotoweka. Akasema, "Haya," akaenda zake. Kwake yeye hiyo ni hotuba.

Yule mzee alibaki masjala mpaka siku yake ya kustaafu, akatoka kwa mlango wa mbele, cheti mkononi.

Sasa neno chungu kidogo, na Sogeza anisamehe. Aliwafungia watu wote fundo, kwake akasahau. Kazi ilisukuma mstari mwaka hadi mwaka. Mabinti wakaolewa, baba yuko nje ya ukumbi anaongea na hospitali kwa simu. Mkewe aliwahi kuniambia, wala hakukasirika: "Mama, fundo nililifunga mimi, na aliyebanwa kwenye kona ni mimi." Nilimfikishia Sogeza maneno hayo kama yalivyo. Hakubisha, jambo lililonitisha. Mwaka huu kampuni ilipomtaka aongeze miaka miwili, ingawa alikuwa akiitamani, alikataa.

Sogeza mwanangu, tunakushukuru kwa yule mzee, na kwa wote wanaosoma bila kubandika pua kwenye kioo. Kuanzia Jumamosi uvute mstari upande wa mkeo. Uvute kwa nguvu zako zote mpaka ugome. Hapo utakapogomea, kaupana katakakobaki ni ketu, usitunyang'anye. Kikombe chako nimekiacha kwenye ndoano yake, siku ukija kututembelea utakikuta. Uishi vyema, wewe na mwenzio, na chai uinywe ingali moto.